Picha za Ndege: Pesa Yako Iende Wapi?

Anayetaka kuchangia kumbukumbu za ndege kwa picha hana haja ya kulipia programu. Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, ni ya bure, iNaturalist vilevile. Ukishapakua kifurushi cha ndege wa eneo lako, Merlin hukupa jina papo hapo hata pasipo mtandao, lakini hilo ni kisio la mashine. iNaturalist hula bando na hutaka subira, ila watu huipitia picha yako. Rekodi yenye tarehe na mahali hupata daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wanapokubaliana kuhusu spishi. Kwa kazi ya kumbukumbu nachagua iNaturalist bila kusita. Merlin naiuliza kwanza, basi.

Gharama yenyewe iko kwenye lenzi. Kwa mnana anayefuma kiota mtini pale uani, simu yatosha. Sasa nenda Mida Creek, Watamu, maji yakipwa. Kwenye tope husimama pamoja aina mbili za vitwitwi watokao bara Asia, wanaotofautishwa hasa kwa urefu wa mdomo na miguu. Simu ya kawaida ukiivuta hadi mwisho, mdomo huo unageuka ukungu, na mtambuzi mwaminifu atakataa kutaja spishi. Kamera kama Nikon P950, inayovuta mara 83, huufikia. Ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa karibu dola 800 Marekani, na hizo ni pesa nyingi kwa mtu anayejitolea.

Ndiyo maana namshauri anayeanza anunue darubini nzuri kwanza, hata iliyotumika, kisha abandike kamera ya simu kwenye kioo chake cha jicho. Mkono utatetemeka, egemea ukuta au mti. Piga ubavu, mgongo, miguu, na akiruka, mabawa. Picha nne hafifu za pande tofauti humsaidia mtambuzi kuliko moja maridadi ya kifua.

Na kwa aliyeko Kenya asiye na kamera kabisa, Kenya Bird Map haidai picha. Hupokea orodha ya ndege uliowaona au kuwasikia ndani ya eneo la takriban kilomita 9 kwa 9, na programu ya BirdLasser ya kuituma ni ya bure.