Rangi ya Chini ya Chombo na Samaki wa Mtoni

Chombo chochote kikaacho majini, kiwe ngalawa ya Kunduchi au meli ya shehena ingojayo zamu yake nje ya bandari ya Dar es Salaam, hakikawii kugeuzwa makao na viumbe wa bahari: kwanza utelezi mwembamba, kisha mwani, kisha chaza na wenziwe wenye magamba magumu, wagandao kwa wingi hata chombo kikawa kizito, mwendo ukapungua, na mwenyewe akaingia gharama ya mafuta asiyoitarajia. Waama mabaharia wa pwani hii walilijua jambo hilo karne nyingi kabla ya rangi za viwandani. Walikipweleza chombo wakati wa bamvua, wakakitia moto wa makuti kwa chini ili kuwaua wadudu wabunguao mbao, kisha wakakipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na ilipokwisha nguvu yake wakairudia kazi ile ile.

Rangi za leo zimewapunguzia watu taabu hiyo, na hapana haki ya kumlaumu nahodha azitumiaye, maadamu riziki yake imo katika mwendo wa chombo. Lakini inafaa ijulikane zinavyofanya kazi. Iliyo nyingi ndani yake ni shaba, na ndiyo asili ya wekundu uonekanao chini ya meli nyingi zipandishwapo chelezoni; wala shaba hiyo haikutiwa ili idumu ubaoni, bali imetungwa iachane na rangi kidogo kidogo, ili maji yaliyokizunguka chombo yawe daima na sumu ya kutosha kumwangamiza kila kiumbe kichanga ajaye kutafuta pa kushika. Anunuaye kopo la rangi hiyo, basi, amenunua sumu ambayo sehemu yake kubwa imekusudiwa tangu kiwandani kuishia baharini.

Katika miaka ya 1960 ilienea sumu nyingine iliyokuwa kali kuliko shaba, iliyotokana na bati, nayo huitwa tributiltini. Ilisifiwa sana, kwa kuwa meli iliyopakwa iliweza kukaa miaka bila kuota kitu. Kisha huko Ufaransa, katika ghuba ya Arcachon, wafugaji wa chaza wakaona makombe ya chaza wao yakivimba na kuharibika umbo, na vizazi vipya vikikosekana, hata serikali ikaipiga marufuku mwaka 1982 kwa vyombo vidogo. Nchini Uingereza ilidhihirika kwamba konokono wa kike wa baharini waliota viungo vya kiume kwa kiasi kidogo mno cha sumu hiyo, mfano wa gramu moja iliyoenea katika lita bilioni moja za maji. Wala samaki hawakusalimika: wataalamu wa Japani waliwalisha samaki bapa wachanga, walio jamaa na wayo wetu, chakula kilichotiwa sumu hiyo, na miongoni mwa wale waliozaliwa wawe majike, zaidi ya robo wakageuka madume. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mkataba wa kuiondoa mwaka 2001, nao ukaanza kutumika Septemba 2008. Ila iliyokwisha kuzama katika tope la bandari za dunia hukaa humo miaka mingi, na kila tope lichimbuliwapo ili kuongeza kina, kilicholala huamka.

Shaba haina ukali wa namna hiyo, na mwili wa samaki huihitaji kidogo. Inapozidi, huanza kumdhuru matamvuani, mahali anapovutia hewa na kulinganisha chumvi ya mwili wake na maji ya nje. Kazi hiyo ikivurugika, samaki hudhoofika hata akafa. Lakini dhara lililo kubwa zaidi machoni pangu ni lile lisiloacha mzoga. Huko Marekani samoni wachanga walikaa saa tatu katika maji baridi yenye shaba kiasi cha gramu moja katika lita 200,000, nao wakapotewa na uwezo wa kunusa harufu itokayo katika ngozi ya mwenzao aliyeraruliwa, harufu ambayo kwa kawaida huwafanya watulie wasionekane. Wakaendelea kuogelea kama kwamba hapana hatari, na samaki mkubwa akawakamata upesi. Samaki kama huyo hahesabiwi na yeyote miongoni mwa waliouawa na sumu, ilhali sumu ndiyo iliyomtoa kafara.

Ni kweli kwamba chumvi ya bahari huipunguza shaba makali, na kwa hiyo bahari kuu haina hofu kubwa. Penye hofu ni pale maji ya mto yanapokutana na bahari, mahali penye kina kidogo, pasipo na mkondo wa nguvu, na palipojaa vyombo. Msomaji wa Temeke hana haja ya kusafiri kupaona: mito ya Kizinga na Mzinga huteremka hadi kwenye hori lililo nyuma ya bandari, katikati ya mikoko, na katika maji kama hayo, yaliyo baina ya tamu na chumvi, ndimo mkizi wachanga na kamba hukua kabla ya kutoka nje. Upande wa Kinondoni, Kunduchi nako kuna mikoko na vyombo vingi vilivyotiwa nanga karibu karibu. Malezi ya samaki na maegesho ya vyombo yamepewa kiwanja kimoja.

Waliotunga rangi za shaba waliongeza pia dawa za kuua mwani, kwa sababu baadhi ya mwani huistahimili shaba. Mojawapo, iitwayo Irgarol, huuzuia mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na matumbawe, ambayo uhai wake hutegemea mwani mdogo sana uishio ndani yake, hayawezi kusalimika nayo. Mwaka 2016 wataalamu wa Zanzibar na wenzao wa ng'ambo walitangaza kuwa wameikuta katika maji ya miamba ya matumbawe ya Unguja. Mataifa yamekwisha kuikataza kuanzia Januari 2023. Lakini kila samaki tumnunuaye kwa jina la changu au pono alipata hifadhi au chakula chake penye miamba ya namna hiyo, basi ni aula khabari hii isiachwe kwa mabingwa peke yao.

Sisemi haya ili mtu aogope samaki wa soko la Feri. Shaba ya rangi humdhuru samaki kabla ya kumfikia mlaji. Ninalolitaka ni dogo zaidi na linawezekana. Sumu haiingii majini chombo kinapoelea tu: huingia kwa wingi siku ya kukikwangua, pale vipande vya rangi ya zamani vinapoanguka mchangani, maji yakajaa, yakavichukua vyote, vikatua matopeni ambamo minyoo na kaa huokota chakula, nao wakaliwa na samaki. Kazi hiyo ifanywe juu ya mpaka wa bamvua, turubai likitandikwa chini ya chombo, na makwanguo yakusanywe katika viroba yasifagiliwe horini. Wenye boti za faiba za Msasani wana uwezo wa kuanza kesho, na mvuvi wa ngalawa asaidiwe na halmashauri yake kupata eneo la kufanyia. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi iko papo hapo Kunduchi, na tope la kupima liko mlangoni pake.