Ghala la Kemikali ni Amana ya Umma

Kisiwa hakina mlango wa nyuma. Chakula, saruji, mafuta na kemikali za viwandani vyote huingia kwa njia ya bandari, na aghalabu hubaki jirani na maduka, misikiti na nyumba za watu. Kwa sababu hiyo, uhifadhi wa kemikali zenye kushika moto haliwezi kuwa jambo la wenye viwanda peke yao. Ni jambo la kila mkaazi wa visiwa hivi na la kila mwenye dhamana ya serikali.

Mnamo mwaka 2013 meli iitwayo Rhosus ilitia nanga Beirut, Lebanon, ikiwa na tani zipatazo 2,750 za amoniamu naitreti, kemikali itumikayo katika mbolea na baruti. Mwaka uliofuata shehena hiyo iliteremshwa na kutiwa katika ghala nambari 12 la bandari. Kemikali hiyo haiwaki yenyewe kama kuni, lakini huupa moto oksijeni, na ikipata joto kali mahali palipobana huweza kuripuka. Maofisa walijua. Wale wa forodha waliandikia mahakama zaidi ya mara moja wakitaka shehena iondoshwe. Barua zilikwenda, shehena ikabaki. Tarehe 4 Agosti, 2020, moto uliingia ghalani humo. Mripuko uliofuata uliua watu zaidi ya 200, wakiwemo 10 wa kikosi cha zimamoto waliotumwa bila kuelezwa kilichomo ndani. Watu wapatao 300,000 walikosa makaazi, na ghala kuu la nafaka la nchi, lililokuwa papo hapo bandarini, likabomoka.

Tunaikumbusha habari hii kwa kuwa elimu haikukosekana Beirut. Alikosekana mtu mmoja mwenye amri na tarehe ya mwisho ya kuitekeleza. Maradhi ya namna hiyo hayana nchi maalumu.

Hatari iliyozoeleka zaidi visiwani ni ndogo kwa kipimo, lakini imelala nasi chumba kimoja. Ni petroli ya mashine za boti ndani ya madumu, thina ya rangi dukani, na unga wa klorini wa kusafishia maji. Petroli hutoa mvuke hata katika baridi kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, hivyo hutambaa sakafuni mpaka ukakutana na jiko au cheche ya umeme. Tarehe 10 Agosti, 2019, huko Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kufuatia moto uliozuka walipokuwa wakichota petroli kwenye lori lililopinduka.

Pipa tupu nalo lisimhadae mtu. Lililokwisha mafuta limejaa mvuke, na fundi anayelikata kwa moto kabla ya kulisafisha anajichimbia kaburi. Unga wa klorini nao, ukichanganyika na mafuta ya mashine au petroli, huweza kuwaka pasipo kiberiti.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Ghala lijengwe mbali na makaazi, liwe na matundu ya hewa chini na juu, na sakafu yake izungushiwe kizingiti kinachoweza kuzuia mafuta yote ya pipa kubwa kuliko yote, na ziada. Klorini na mbolea zisichanganywe na mafuta. Kila chombo kiandikwe kilichomo, kwa lugha inayosomeka na mchukuzi. Mchanga, unga na povu la kuzimia moto viwe karibu, maana petroli huelea juu ya maji, na anayeimwagia maji huusambaza moto.

Kwa upande wa viongozi, tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila ghala la kemikali liwe na daftari linaloonyesha mwenye mali, kiasi na siku iliyoingia, na nakala yake iwe mikononi mwa zimamoto na sheha wa mahali hapo. Pili, shehena isiyo na mwenyewe iwekewe muda, na ofisa mmoja atajwe kwa cheo chake kuwa ndiye atakayeulizwa muda huo ukipita. Tatu, yajengwe maghala ya pamoja madikoni. Mvuvi anayeishi mbali na kituo cha mafuta halazi dumu uvunguni kwa kupenda hatari. Hulilaza hapo kwa kukosa pengine pa kuliweka salama. Kumkataza bila ya kumwonyesha mahali ni kumfundisha kuficha.

Wananchi nao wana wajibu wao. Anayeona mapipa yasiyo na maandishi yamerundikwa pembeni mwa skuli asisubiri mwengine aseme. Na ofisa atakayepokea taarifa hiyo asidhani kwamba kwa kuiandikia barua amekwisha kuitimiza kazi yake. Kazi itakuwa imetimia siku atakapokwenda mwenyewe na kukuta mapipa hayapo.

Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Kwa watu waliozungukwa na bahari, na ambao msaada wao mkubwa lazima uvuke maji kwanza, kinga huenda ikawa ndiyo tiba pekee.