Jinsi mchanga wenye maji unavyowahadaa wajenzi

KABLA ya jengo la ghorofa kusimamishwa, wahandisi hutoboa ardhi ili kufahamu uwezo wa udongo kuhimili uzito. Penye udongo mgumu, kazi hiyo si nzito. Lakini penye mchanga uliojaa maji, kama ilivyo katika sehemu nyingi za ufuo wa Pwani ya Kenya, uchimbaji wenyewe waweza kuharibu kile kinachochunguzwa.

Tatizo la kwanza ni kuporomoka kwa shimo. Chembe za mchanga hazishikani kama za udongo wa mfinyanzi. Unyevu kidogo huzishikilia kwa muda, lakini pindi mashine inapoyafikia maji, kuta hubomoka na vyuma vyaweza kukwama.

Ili kuzuia hali hiyo, wachimbaji huteremsha mabomba ya chuma kadiri wanavyozidi kwenda chini. Wengine hujaza shimo tope la bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi unaovimba ukiloweshwa, ambalo huzikandamiza kuta zisianguke.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Maji ya ndani ya shimo yakiwa chini kuliko yale ya ardhini, maji ya nje hupenya kutoka chini kwa nguvu na kubeba mchanga. Mchanga uliokuwa umeshikamana hulegea na hata kupanda ndani ya bomba. Vivyo hivyo, vyuma vikivutwa juu kwa haraka hufyonza mchanga mithili ya sindano inayovuta dawa.

Hapo ndipo vipimo vinapopotoka. Katika kipimo kinachotumiwa sana duniani, nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha sentimita 76 ili kupigilia mrija ardhini kwa sentimita 45. Mapigo ya sentimita 15 za kwanza hayatiwi maanani. Yale ya sentimita 30 zinazosalia ndiyo huhesabiwa.

Mapigo yasiyozidi 10 huashiria mchanga uliolegea, ilhali yanayozidi 30 huashiria ulioshikamana. Mchanga ukivurugwa na uchimbaji, hesabu hushuka na mwenye jengo aweza kugharimia nguzo ndefu za msingi asizozihitaji. Mchanga ukijazana ndani ya bomba, hesabu yaweza kupanda na ardhi dhaifu ikadhaniwa kuwa imara.

Umuhimu wa tofauti hiyo ulidhihirika mjini Niigata, Japani, mwaka wa 1964. Tetemeko la ardhi lilipotokea, mchanga uliolegea na kujaa maji ulipoteza nguvu na kuwa kama uji. Majengo ya makazi yaliinama na mengine kulala ubavu, ingawa kuta zake hazikuvunjika.

Aidha, sampuli huwa vigumu kupatikana. Mchanga wenye maji huchuruzika kutoka kwenye mrija unapoinuliwa, hivyo mdomo wa mrija hutiwa kizuizi chenye meno ya chuma. Mchanga unaotapikwa na maji ya kuchimbia hautegemewi, kwa kuwa chembe laini huwa zimechukuliwa na maji.

Karibu na bahari, maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa kufuata kujaa na kupwa. Kipimo kimoja cha kina cha maji hakitoshi. Pia, kugonga mwamba wa matumbawe si ishara ya kusitisha kazi, kwani chini yake mna uwezekano wa kuwa na pango au mchanga mwingine.

Dawa ya mengi ya haya ni subira: kuhakikisha maji ndani ya shimo yako juu ya yale ya ardhini wakati wote, kuvuta vyuma polepole na kusafisha sakafu ya shimo kabla ya kila kipimo.

Kwa hivyo, anayenuia kujenga ufuoni asiridhike na nambari pekee anapokabidhiwa ripoti ya udongo. Yafaa aulize ikiwa mabomba yalitumiwa, maji yalipatikana kwa kina gani na saa ngapi, na ikiwa mchanga ulipanda shimoni. Ripoti isiyoyajibu maswali hayo haifai kutegemewa kuamulia msingi.