Majina ya Matoleo ya Ndege: Swali Kutoka Bwera

Huenda msomaji akajiuliza makala kuhusu ndege inatafuta nini katika jarida la idara ya Kiswahili. Swali lilitoka darasani. Wanachuo wetu waliofanya mazoezi ya kufundisha Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, waliwakuta wanafunzi wa sekondari wakicheza kwenye simu mchezo wa kuendesha shirika la ndege. Mchezaji hupewa mtaji, hununua ndege, hupanga safari na nauli, na akizembea hufilisika. Wanachuo wakaona hapo pana zoezi zuri la tafsiri: orodha ya ndege zinazouzwa mchezoni iandikwe kwa Kiswahili. Zoezi lilikwama mapema. Wanafunzi hawakukubaliana namna ya kuyasoma majina kama 737-800, 737 MAX 8 na A330-800neo, wala kama mchezo wenyewe umeyaandika sawasawa.

Tuanze na hilo la pili. Ndege moja huwa na majina matatu. Kuna jina la cheti, ambalo mamlaka za usafiri wa anga huliandika zinapothibitisha kwamba ndege inafaa kuruka. Kuna jina la biashara, linaloonekana kwenye matangazo na magazeti. Halafu kuna ufupisho usiozidi herufi na tarakimu nne, ambao waongozaji wa ndege huutumia katika kazi yao. Kwa mfano, Uganda Airlines, ilipoanza kuruka upya Agosti 2019, ilitumia ndege za CRJ900 kutoka kiwanda cha Bombardier cha Kanada. Hilo ni jina la biashara. Kwenye cheti ndege hiyo inaitwa CL-600-2D24, na kwa waongozaji ni CRJ9. Ile CL-600 ni jina la Challenger, ndege ndogo ya matajiri iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1978, ambayo ndiyo chimbuko la ukoo wote. Yaani mjukuu anabeba jina la babu kwenye cheti, lakini mtaani anaitwa vingine.

Kwa hiyo mchezo ukiandika CRJ900 haujakosea. Unakosea pale unapochanganya: ndege hii kwa jina la biashara, ile kwa jina la cheti, na mchezaji asijue kwamba anasoma orodha mbili zilizoshonwa pamoja.

Wanafunzi wa Bwera walikuwa na njia yao ya kuzielewa namba hizo, nayo ilitufurahisha. Miongoni mwa Wakonzo mtoto hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mumbere ni mvulana wa kwanza, Bwambale wa pili, Masereka wa tatu, Kule wa nne, Thembo wa tano. Wasichana nao wana mpangilio wao, Masika akitangulia na Biira akifuata. Ukivuka mpaka wa Mpondwe kuingia Kasindi, upande wa Kongo, Wanande wana utaratibu huohuo kwa sura tofauti kidogo: Bwambale anakuwa Kambale, Masereka anakuwa Kasereka, Kule anakuwa Kakule. Basi wanafunzi wakaamua kwamba A330-200 ni kaka wa A330-300, na kwamba A330-800 ilizaliwa kabla ya A330-900.

Hapo ndipo ndege zinapoachana na Wakonzo. A330-300 ilianza kubeba abiria mwaka 1994, na A330-200 ikafuata mwaka 1998. Ni kama Masereka kuzaliwa kabla ya Bwambale! Vivyo hivyo A330-900 ilitangulia kuingia kazini, mwaka 2018, na A330-800 ikaja mwaka 2020. Katika ukoo huu namba inaonyesha urefu wa mwili wa ndege zaidi ya umri: ya 200 ni fupi kuliko ya 300, na ya 800 ni fupi kuliko ya 900. Uganda Airlines ilipokea A330-800 mbili, Desemba 2020 na Februari 2021, na mashirika mengine yaliyonunua toleo hilo ni machache sana, kama vile Kuwait Airways. Kwenye cheti jina lake ni A330-841. Nane ni ya mfululizo wa 800, nne inaonyesha kwamba injini ni za Rolls-Royce, na moja ni toleo la injini hizo. Neno 'neo' halimo kabisa. Ni la matangazo, likimaanisha kwamba injini ni za aina mpya. Aidha, ukilisoma jina hilo 'mia nane arobaini na moja' umefuta maana yake, maana hakuna kitu chenye idadi ya mia nane arobaini na moja. Ni tarakimu tatu zinazojibu maswali matatu.

Boeing kwa miaka mingi ilikwenda mbali zaidi, ikampa kila mteja namba yake. Uganda Airlines ile ya zamani, iliyoundwa mwaka 1976 na kufungwa mwaka 2001, ilikuwa na Boeing 707-338C. Tatu ya kwanza ni mfululizo wa 300. Namba 38 ni ya Qantas ya Australia, iliyoinunua ikiwa mpya. C inaonyesha kwamba ingeweza kugeuzwa kubeba abiria au mizigo. Ndege ikauzwa, ikabadilishwa rangi na bendera, lakini 38 ikabaki. Ndiyo ndege iliyoanguka Roma tarehe 17 Oktoba 1988, ambapo watu 33 kati ya 52 waliokuwamo walifariki. Mchezo unaotaka kuitwa wa kweli ungemwachia mnunuzi wa ndege kuukuu alama kama hiyo ya mwenye kwanza. Mchezo unaoandika '707-300' tu hausemi uongo, ila unamnyima mchezaji historia.

Kuna mahali ambapo tofauti hizi si za mchezo hata kidogo. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka, na watu wote 157 wakafariki. Wakenya ndio walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ilikuwa 737 MAX 8. Jina la cheti la ndege hiyo ni 737-8. Siku tatu baadaye Marekani ilipozizuia zisiruke, amri ilitaja 737-8 na 737-9. Ndege za 737-800, ambazo ni za kizazi kilichotangulia na ambazo Kenya Airways inazo, hazikuguswa. Kati ya ndege iliyozuiwa na iliyoruhusiwa kuna sifuri mbili tu. Mtangazaji akisoma 'saba tatu saba nane' mahali pa 'saba tatu saba mia nane', au mfasiri akidhani sifuri zimesahaulika akaziongeza, abiria amepewa habari ya ndege nyingine.

Tuliwashauri wanachuo hivi. Jina la ukoo lisomwe tarakimu moja moja: saba tatu saba. Mfululizo ukiishia kwa sifuri mbili usomwe kama mamia: mia nane. Vinginevyo tarakimu zitajwe moja moja: nane nne moja. Kuhusu istilahi, tungependa 'familia' itumike kwa A330 nzima, 'mfululizo' kwa 800, na 'toleo' kwa 841. 'Aina' tuiache kwa mambo mapana, kama ndege ya abiria na ya mizigo. Wapo watakaotetea 'modeli', na hatuna ugomvi nao, ila 'toleo' tayari linajulikana kwa magazeti na programu za kompyuta. Na upatanisho usisahaulike: mchezaji hununua ndege mbili, si ndege wawili. Wawili ni wale wenye manyoya.

Kasese yenyewe inatoa mfano unaopindua kidogo tuliyosema. Uwanja wake mdogo, uliopo zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, hupokea ndege kama Cessna Grand Caravan zinazoleta watalii wa Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kwenye cheti hiyo ni 208B. Mwaka 2013 ikaja Grand Caravan EX, yenye injini ya nguvu za farasi 867 badala ya 675, na bado cheti kinasema 208B. Waongozaji nao huandika C208, hata kwa ile Caravan fupi ya mwanzo. Hapa jina la biashara ndilo linalosema zaidi. Mwanafunzi anayetaka kujua kama ndege yake ya mchezoni itapaa Kasese ikiwa imejaa, saa nane mchana kwenye joto, atazame kama pana EX.