Maharage Yaliyoota Hayajaiva

Katika Ramadhani iliyopita kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu hapa Mbeya alituletea futari madrasani. Palikuwa na bakuli la chatini aliyoitengeneza mwenyewe: choroko na maharage mekundu yaliyooteshwa siku tatu ndani ya kitambaa chenye maji, kisha yakatwangwa mabichi pamoja na ufuta, ndimu na kitunguu thaumu, ili tuchovye mkate. Alitueleza kuwa mbegu ikishaota haina haja ya moto tena, na mkaa ni ghali. Twakiri kwamba ilikuwa tamu. Kabla ya Tarawehe kwisha watoto watano walikuwa nje wakitapika, na sisi mwalimu wao tukawafuata.

Tulidhani bakuli lilikuwa chafu. Kumbe maharage, na hasa mekundu, yana sumu yake ya asili, ambayo wataalamu huiita lektini. Punje nne au tano mbichi zaweza kumtapisha mtu katika muda wa saa moja hadi tatu, kisha tumbo likaendesha. Aghalabu hali hutulia baada ya saa chache, lakini mtoto aliyepungukiwa maji mwilini si jambo la kufanyia mzaha. Kuotesha hakuiondoi sumu hiyo. Tena moto mdogo usiofikia kuchemka waweza kuizidisha.

Wala tusimcheke kijana kwa kukwepa moto. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Iringa haipungukiwi sana. Basi maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama ya Dar es Salaam. Ndiyo maana chungu cha maharage hula kuni nyingi huku, katika nchi hii hii ya maharage, ambako kituo cha utafiti cha Uyole kimetoa mbegu zenye jina lake, kama Uyole 84, na magunia ya kablanketi hujaa sokoni. Kuni hupungua kwa kuyaloweka usiku kucha. Asubuhi maji yale yamwagwe, yatiwe mengine, yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha yaendelee mpaka yalainike kabisa.

Kuotesha kwenyewe si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe walifundisha akina mama kutia unga wa kimea katika uji mzito wa mtoto, nao ukawa mwepesi bila kuongezwa maji, hata tumbo dogo likapata chakula zaidi. Iringa ilikuwa miongoni mwa mahali walipoujaribu. Lakini unga ule uliingia katika uji wa moto.

Ama choroko na dengu, hizo hazina sumu ya kiasi kile, na Bara Hindi huliwa mbichi zikiisha kuota. Hatari yake ni nyingine: joto na unyevu viiamshavyo mbegu ndivyo vileavyo vijidudu. Mwaka 2011 huko Ujerumani watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafa kwa sababu ya machipukizi mabichi, na uchunguzi ukaelekeza kwenye mbegu za uwatu zilizotoka Misri. Uwatu, ule ule tunaowapikia wake zetu wakijifungua! Kijidudu huweza kujificha katika mbegu yenyewe, hata kuosha kusitoshe. Basi wajawazito, wazee, wagonjwa na watoto wadogo wasipewe machipukizi mabichi kabisa.

Hatuwaambii vijana waache. Choroko iliyoota huzidi vitamini C na huiva upesi mno. Isuuzwe kwa maji safi asubuhi na jioni, itupwe ikinuka, na ichemshwe dakika chache kabla ya kutwangwa. Ladha ya ndimu na ufuta haipotei.

Kijana yule alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi wazazi, nasi tulifuatana naye, kwani tulikula na kulisha bila kuuliza. Siku chache baadaye alileta tena bakuli lile lile, choroko tupu zilizochemshwa. Watoto walimtazama kwanza mwalimu wao. Tulipochovya mkate, nao wakachovya.