Supa au Sokoni: Hamsini Yako Inanunua Gramu Ngapi?

Kuna swali ambalo wateja wetu hutuuliza sana, hasa ikifika wiki ya tatu ya mwezi: "Mbona pesa ya chakula imeisha na sijanunua kitu?" Wengine wanalaumu supermarket. Wengine wanasema ni sokoni wanakoliwa. Sisi tuko kwa biashara ya malipo, hatuuzi nyanya, lakini tunajua jinsi mtu anavyoshtuka akifungua taarifa ya matumizi yake na kuona pesa imetoka mia mia, hamsini hamsini, mpaka ikaisha. Basi leo tumeamua kulichambua hili la supa na soko polepole, kwa hesabu, na si kwa hisia.

Tukisema supa hapa tunamaanisha yale maduka makubwa yenye jina la nje. Carrefour ilifungua duka lake la kwanza Kenya mwaka 2016 pale The Hub, Karen. Jina ni la Kifaransa, lakini anayeendesha maduka hayo hapa kwetu ni Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai. Wengine walikuja wakarudi kwao. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua mwisho wa 2018, na kufikia 2021 ilikuwa imefunga. Choppies ya Botswana iliondoka, Game pia ikaondoka. Miaka hiyo yote Marikiti haikuhama, Kongowea haikuhama, na pale Kibuye, Kisumu, Jumapili bado hupati pa kukanyaga. Hatusemi soko ndilo lililowafukuza, kila kampuni ilikuwa na shida zake. Lakini wengi wetu tukishachukua unga na sabuni supa, bado tunapitia kwa mama mboga kuchukua nyanya na dhania. Kuna sababu, na si mazoea tu.

Kilo iliyosimama na bei iliyosimama

Hili ndilo jambo kuu, na ukilishika mengine yatakuwa rahisi. Supa, kipimo kimesimama na bei ndiyo inatembea. Kilo ya nyanya ni kilo. Wiki hii kibandiko kinasema 90, wiki ijayo 130, na unaona kwa macho yako kwamba imepanda. Sokoni ni kinyume. Bei imesimama na kipimo ndicho kinatembea. Fungu ni hamsini leo, na mvua ikiharibu shamba bado litakuwa hamsini, ila nyanya sita zitakuwa nne. Sukuma ya kumi ni ya kumi mwaka mzima, lakini hebu hesabu majani.

Ndiyo maana utasikia mtu akiapa kwamba sokoni bei haipandi. Inapanda, tena wakati mwingine kushinda supa, sema kichwa chetu kinakumbuka "fungu ni hamsini" na hakikumbuki idadi ya nyanya.

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za hesabu tu, zako zitategemea mahali na msimu. Fungu la shilingi 50 lina nyanya sita zenye uzito wa gramu 480. Gawa 50 kwa 0.48, unapata kama shilingi 104 kwa kilo. Ikiwa supa wanauza 130, soko limeshinda kwa shilingi 26. Baada ya wiki mbili fungu ni lile lile la hamsini, lakini sasa ni nyanya nne, gramu 320. Gawa tena: shilingi 156 kwa kilo. Supa ikiwa imebaki pale pale 130, sasa yeye ndiye ameshinda, tena kwa shilingi 26 zile zile. Wewe mfukoni hujaona tofauti yoyote, umetoa hamsini mara zote mbili.

Sasa utauliza, nitabeba mizani sokoni? Hapana, ingawa mmoja wetu amenunua kale ka kuning'iniza na sasa hatupumui. Kuna njia rahisi. Siku ukiwa supa, chukua nyanya sita za saizi unayonunua kwa kawaida, uziweke kwenye mizani yao. Fanya hivyo kwa vitunguu vitano, kwa viazi vinane. Baada ya mara mbili tatu mkono wako utajua nusu kilo ikoje, na mkono huo utakuwa nao sokoni kila siku.

Gorogoro ina mambo yake. Ule mkebe ulianza kama mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, na wengi bado tunaamini chochote kikiingia humo ni kilo mbili. Si lazima. Mkebe hupima ujazo, haupimi uzito. Gorogoro ya mahindi, ya mchele na ya unga zina uzito tofauti, na hata mahindi yenyewe yakiwa hayajakauka vizuri unalipia maji. Halafu kuna mkebe uliobonyezwa chini kwa ngumi. Ukiona muuzaji hataki uone ndani ya mkebe kabla hajapima, nenda kwa jirani yake. Ila tuwe wakweli pande zote: kuna mama ambaye gorogoro yake ina kilima juu na bado atakuongezea konzi moja ukishukuru. Hiyo nyongeza ni pesa, iingize kwenye hesabu. Hakuna keshia wa supa aliyewahi kukuongezea.

Wanaonunua kwa gunia wanajua lumbesa. Sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini gunia lililoshonewa kofia juu bado liko barabarani. Anayeumia zaidi hapo ni mkulima, kwa sababu analipwa bei ya gunia moja na ametoa moja na nusu. Na kwa upande wa mizani, sokoni au supa, mizani yoyote ya biashara inapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri na serikali kila mwaka. Unaruhusiwa kuuliza, usione haya.

Kuhusu VAT

Tumesikia mara nyingi kwamba mboga za supa ni ghali kwa sababu ya ushuru. Si kweli. Mazao ya shamba ambayo hayajasindikwa, yaani viazi, nyanya, sukuma, vitunguu, hayatozwi VAT, iwe ni Karen au Gikomba. Sabuni na juisi ya pakiti ndizo zina ile asilimia 16. Kinachopandisha mboga za supa ni kuchaguliwa, kufungwa, friji, taa na kodi ya jengo. Na kinachoshusha za soko jioni ni kwamba muuzaji hana friji. Nyanya zilizoiva zikilala kwake ni hasara, kwa hivyo saa kumi na mbili atakuuzia mafungu mawili kwa bei ya moja. Ukipika usiku huo, umefaidi. Ukienda kuziweka wiki nzima, umenunua takataka kwa bei nafuu.

Mahali supa inashinda

Kwa vitu vya pakiti na chupa, mara nyingi supa inashinda: mafuta, sukari, sabuni, karatasi ya choo. Duka kubwa hununua shehena moja kwa moja kwa kiwanda, na hata linaweza kukubali faida ndogo sana kwa sukari ili uingie mlangoni. Halafu sukari yenyewe imewekwa mwisho kabisa, na kabla hujaifikia umepita biskuti, aiskrimu na sufuria ambayo hukuwa unaihitaji. Nenda na orodha. Na mtoto, kama inawezekana, abaki nyumbani.

Ila hapa kuna ukweli mchungu. Lita moja ya mafuta inataka pesa yote kwa mara moja. Anayelipwa kwa siku hana hiyo pesa, ana ishirini ya mafuta ya kupima kwa kibanda. Huu ndio uchumi wa kadogo, na hesabu yake haina huruma. Ikiwa ishirini inakupa mililita 50, lita nzima utailipia shilingi 400, wakati mwenye mshahara anaibeba supa kwa 300 na kitu. Mwenye kidogo analipa zaidi. Hatuwezi kumaliza hilo kwa makala moja, lakini tumeona wateja wakilipunguza: kila siku shilingi 20 au 30 zinaingia kwenye akiba ya simu, na wiki mbili zikiisha kuna chupa nzima. Ngumu ni zile wiki mbili za kwanza, kwa sababu mafuta ya kupima bado unanunua.

Pia soko na kibanda vina kitu ambacho supa haina: mkopo. Mama mboga anakujua, atakuandika kwa daftari mpaka Ijumaa. Hilo lina thamani, hasa mwezi ukiwa mrefu. Tunachoomba tu ni uwe na daftari lako pia.

Jinsi unavyolipa

Hapa ndipo tunapojua zaidi, na hapa ndipo shilingi ndogo ndogo hupotelea. Supa unalipa mara moja, kwa till, na mteja hakatwi ada. Sokoni unaweza kulipa watu sita. Ukitumia kila mmoja kwa namba yake ya kawaida, na tuseme ada ni shilingi 7 kila mara, umetoa 42 juu ya bei. Hiyo ni karibu fungu moja zima la nyanya! Kwa hivyo uliza kwanza, "Uko na till?" Ukiambiwa "we tuma tu kwa namba yangu," jua ni kwa nini: kwa till, anayekatwa kidogo ni mwenye biashara. Mnaweza kuelewana. Nunua vitu vitatu kwake badala ya kimoja, ulipe mara moja kwa till. Kama sehemu unayokwenda watu wengi hawana till, linganisha ada ya kutoa pesa taslimu mara moja na ada za kutuma mara sita, uchague iliyo ndogo.

Kwa upande wa muuzaji, usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ngoja ujumbe uingie kwa simu yako, na uangalie salio. Sokoni kukiwa na kelele na foleni ndipo watu huonyeshwa ujumbe wa jana.

Na nauli usiisahau. Kushuka Marikiti alfajiri kunalipa ukinunua ya wiki nzima, au mkienda majirani watatu mkagawana kreti ya nyanya. Ukienda kwa ajili ya vitunguu vya mia, matatu imekula faida yote kabla hujafika.

Mwisho wa mwezi huu, fungua menyu, omba taarifa ya siku 30, uchukue kalamu. Weka S kwa kila malipo ya supa, K kwa kila ya soko na kibanda, kisha jumlisha ada peke yake kando. Watu wa ofisini kwetu walifanya hivyo wiki jana, na wawili hawajataka kutuonyesha karatasi zao mpaka leo.