Masurufu ya Mtoto Kabla ya Kuzaliwa

Wengi miongoni mwa akina mama, hapa Majengo mjini Mpanda kama kwingineko nchini, wakishafikisha mwezi wa nane wa ujauzito, na mgongo ukiuma na usingizi ukiadimika, huamini kwamba mtoto amekwisha kukamilika na kilichobaki ni kungoja saa yake tu. Na itikadi hiyo, ijapokuwa yatokana na uchovu ambao hapana mwenye haki ya kuudharau, ndiyo iwafanyayo baadhi yao wakubali kunywa miti shamba ya kuharakisha uchungu. Hasha, mtoto hajakamilika. Msafiri ajuaye safari yake haondoki kabla ya kufungasha masurufu, na mtoto naye, katika wiki hizo za mwisho, yumo katika kufungasha.

Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na muda wake kwa kawaida ni wiki 40. Azaliwaye kabla ya kutimia wiki 37 huitwa njiti. Hata baina ya wiki ya 37 na ya 39, tofauti ya siku chache yaweza kuonekana katika pumzi ya mtoto na katika nguvu zake za kunyonya.

Tuanze na mapafu. Tumboni mtoto hapumui hewa, bali oksijeni humfikia katika damu kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu, na mapafu yake yamejaa majimaji. Ili vifuko vidogo vya hewa visinywee na kushikamana kila atoapo pumzi, sharti vipakwe utando mwembamba wa mafuta, ambao mwili wake huanza kuutengeneza yapata wiki ya 24, lakini aghalabu hautoshi mpaka ipite wiki ya 34 au 35. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, wa Marekani, walibainisha kwamba upungufu wa utando huo ndio uliowaua njiti wengi kwa kukosa pumzi. Na mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand wakaonyesha kwamba sindano apewayo mama aliye katika hatari ya kuzaa mapema huyasaidia mapafu ya mtoto kukomaa. Kwa hiyo aonaye dalili za uchungu kabla ya wakati na afike hospitali hima, maana dawa hiyo huhitaji muda kufanya kazi.

Ubongo nao, katika wiki ya 35, una takriban theluthi mbili tu ya uzito utakaokuwa nao wiki ya 40. Wakati huohuo mafuta hujengeka chini ya ngozi, na kwenye shingo, baina ya mabega na kandokando ya figo huwekwa mafuta mengine ya rangi ya hudhurungi, ambayo kazi yake ni kuzalisha joto. Na ini huweka akiba ya sukari ya kumtosha saa za kwanza, maziwa ya mama yakiwa bado machache.

Kisha kuna amana ambayo mama pekee ndiye awezaye kuitoa, nayo ni kinga. Kinga za damu yake, pamoja na ile ya pepopunda aliyochanjwa kliniki, huvuka kondo kwa wingi zaidi mwishoni mwa mimba; na madini ya chuma, yatakayomfaa mtoto miezi ya mwanzo, hukusanywa zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Katika Mkoa wa Katavi, ambako malaria ni adui wa kila nyumba, jambo hili lahitaji kukaziwa: vijidudu vya malaria hujificha katika kondo, pengine mama asihisi homa yoyote, vikamnyima mtoto chakula hata akazaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria vitolewavyo kliniki na chandarua chenye dawa si mambo ya hiari.

Kufikia wiki ya 36 watoto walio wengi wamekwisha kugeuza kichwa chini. Nafasi hupungua, lakini kucheza hakupungui. Wasemao kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa wamekosea, na mama aonaye kwamba mtoto wake ametulia kuliko desturi asingoje kesho. Kadhalika asingoje atokwaye na damu au maji, aumwaye kichwa kikali, au avimbaye uso na mikono.

Na akizaliwa njiti, asikatiwe tamaa. Kumlaza kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, kulipunguza vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo kwa robo katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2021, na Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki.

Katika takwimu za taifa za mwaka 2015–16, Katavi ndiyo iliyoongoza kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kushika mimba, asilimia 45. Nao, kwa kuwa miili yao ingali ikikua, wamo katika hatari zaidi ya kuzaa kabla ya wakati. Basi mume, mama mkwe na jirani wana wajibu mkubwa: kumpunguzia mjamzito kuni na ndoo za maji, kumlisha vyema, kuweka akiba ya nauli mapema kabla masika hayajaharibu njia, na kumleta mjini siku zikikaribia ikiwa shamba liko mbali. Mtoto aachwe atimize siku zake, na mama, dalili zikitokea, afikishwe kwa mkunga bila kukawia.